Pupa kumi na moja, baridi ya Uyole na gauni la mteja

Kila anayekuja kupimwa nguo kwangu lazima aulize kile kitu kinachoning'inia barazani ni nini. Ni boksi la mbao la nyanya nimelizungushia chandarua cha zamani, nimelifunga kwa waya kwenye boriti, na toka mwezi wa saba mpaka leo hii lipo palepale. Mmoja aliuliza kama nafuga njiwa, mwingine akauliza kama ni la kukaushia dagaa, na kuna mama mmoja hakuuliza kitu, aliangalia tu akasogeza kiti chake mbali na tangu siku hiyo nguo zake anamtuma mtoto. Nimechoka kueleza kwamba ni la kulelea vipepeo, naandika hapa mara moja, ukija nakutumia linki unasoma huku nakupima kiuno.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Uyole, Mbeya, nyuma ya nyumba kuna mlimao mkubwa ambao tuliukuta tulipohamia. Mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, kijana wangu wa darasa la nne akaja mbio anasema mama kuna kinyesi cha ndege kinatembea. Nikajua ni zile kamba zake za kukwepa kuosha vyombo. Nikaenda. Na kweli juu ya jani kuna kitu cheusi cheusi kina baka jeupe katikati, kinang'aa kama kibichi, ungeapa ndege kapita sasa hivi, ila ukisogeza jicho unaona kina miguu na kinatafuna. Ndo ujanja wao wakiwa wadogo, ndege gani atakula kinyesi? Wakishajivua ngozi mara kadhaa wanageuka kijani, wanene kama kidole changu cha mwisho, na ukiwagusa wanachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, zina harufu kali, ile ya maganda ya machungwa yaliyosahaulika kwenye mfuko siku tatu. Dogo alipiga kelele siku ya kwanza mpaka bibi yake akatoka na mwiko.

Ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, yule anayezungukazunguka kwenye milimao na michungwa, mbawa akizifungua zinazidi sentimita 10. Wote mnamjua hata kama hamjawahi kumsimamia. Mama anataga yai moja moja kwenye jani changa, la rangi ya krimu, dogo kuliko kichwa cha pini.

Tuliokota viwavi kumi na moja. Tukawaweka kwenye boksi, kila asubuhi dogo anabadilisha matawi, mimi nasafisha kinyesi (kinyesi cha viwavi ni kingi jamani, yani wanakula na kutoa kama mashine). Katikati ya mwezi wa tano wakaanza kuacha kula, wanatangatanga huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, afu wanachagua sehemu wanatulia. Hapo ndo kuna kazi ambayo mimi kama fundi niliiheshimu. Kiwavi anafuma kwanza kitufe cha uzi pale mkia wake utakaponasa, kisha anageuza kichwa kulia kushoto kulia kushoto anajizungushia uzi mgongoni, akimaliza anaegemea nyuma kabisa ameshikwa na ule mkanda, umewahi kumuona fundi wa umeme juu ya nguzo kajiegemeza kwenye mkanda wake mikono ipo huru? Hivyo hivyo. Anakaa hivyo kama siku moja, ngozi inapasuka nyuma ya kichwa, inasukumwa chini mpaka mkiani kama soksi, na kinachobaki ni pupa. Waliojifunga kwenye vijiti vya mlimao vyenye majani wengi walitoka pupa za kijani, waliopanda kwenye mbao za boksi wakatoka za kahawia zenye sura ya kipande cha gome. Mtu mwenye macho mazuri unaweza ukaipita mara tatu usiione.

Nilipohesabu nikapata kumi. Tukatafuta chini ya meza, nyuma ya pipa, ndani ya viatu, hamna. Nikasema basi panya kala.

Siku nne baadaye mteja wangu mmoja, mama mtu mzima kutoka Igawilo, akaja kuchukua gauni lake la kitenge la kahawia kwa ajili ya send-ofu ya mtoto wa dada yake. Namshushia gauni kutoka kwenye hanga, anajaribu, linamkaa, anageuka kwenye kioo anasema fundi hapa kwenye pindo umeniwekea urembo gani, mbona sikuagiza. Urembo! Ile ya kumi na moja ilikuwa imejifunga kwenye pindo la gauni la watu, imenasa vizuri kabisa, na mkanda wake umepita kwenye nyuzi za kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia ukweli nikijua nimeshapoteza mteja, yeye akainama, akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Sasa usimuue fundi. Mtoe taratibu, mie nasubiri." Nikachukua wembe mpya, nikakata ule mkanda, nikakwangua kile kitufe cha uzi pole pole kikatoka na mkia wake. Halafu nikachoma pini kwenye kile kitufe (kwenye uzi wake, sio kwenye pupa!) nikaibandika kwenye kijiti, nikamfungia mkanda mpya wa uzi wa kushonea namba 40, sio wa kubana. Mama akavua gauni, nikapiga pasi pindo, akalipa hela yote, akaondoka akisema ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) na kwamba huyo kwenye kijiti ni wake.

Jioni dogo anamwelezea bibi yake kwamba sasa haitwi kiwavi tena, inaitwa pupa, walimu wamesema hivyo. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Pupa? Kitu kinakaa hivyo hakili, hakitembei, kimetulia kama mgonjwa, nyie mnakiita pupa? Pupa ni wewe na wali." Afu akamalizia na ile ya mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tulicheka ila lile neno lilikuja kunirudia mwezi wa saba nikiwa sina hamu ya kucheka.

Kwasababu, kitabu cha dogo kiliandika pupa inatoka kipepeo baada ya wiki mbili hadi tatu. Dada yangu yuko Kyela kule chini ziwani, joto la kufa mtu, naye wanawe walikuwa wameokota viwavi vilevile kwenye mchungwa wao baada ya mimi kumtumia picha, wa kwake wakatoka vipepeo kabla mwezi wa tano haujaisha. Ananitumia video vipepeo wanapepea, ananiuliza wa kwako vipi, namwambia bado. Wiki ya tatu bado. Wiki ya tano bado. Akaniandikia eti hata wadudu wa Mbeya baridi imewafanya wavivu. Mwezi wa sita ukaingia na lile baridi letu, nyie mnaokaa Uyole hamna haja ya kuambiwa, upepo unashuka mlimani jioni unaingia mpaka kwenye mifupa, usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, asubuhi unatoa moshi mdomoni kama umevuta sigara. Na pupa zangu ziko kimya. Dogo akaanza kuuliza kama zimekufa. Mimi nikaanza kuzionea huruma.

Hapo ndo nilipoharibu. Nikatoa kijiti kimoja chenye pupa ya kijani nikakipeleka jikoni, nikakiegesha kwenye rafu pembeni ya jiko la mkaa, sehemu ambayo hata mimi mwenyewe nasimama nikiota moto. Nikajiona mama mwema. Siku ya kumi na mbili, tarehe kama za mwanzoni mwa mwezi wa saba, asubuhi naingia kuchemsha chai nakuta kipepeo yupo ukutani, mzuri, mabawa yamenyooka, hana kasoro hata moja. Tukashangilia. Nikamtoa nje aruke zake. Nje kulikuwa na umande umeganda kwenye bati, hakuna jua, akatembea kidogo kwenye kiganja changu, akatetemesha mabawa, akaanguka pembeni kwenye majani. Nikamuokota. Saa nne jua likatoka akapata nguvu akaruka mpaka kwenye ukuta wa jirani, nikafurahi, afu nikamuona anazunguka anatafuta maua. Maua gani mwezi wa saba, kila kitu kimekauka, zaidi ya maua ya plastiki kwenye dirisha la saluni. Nilimrudisha ndani nikamlisha maji ya sukari, kijiko kimoja cha sukari kwenye vijiko kumi vya maji, kwenye kipande cha sponji. Hakujua kula. Ikabidi nimshike mabawa yakiwa yamefungwa, nichukue pini, niingize kwenye ule mrija wake uliojikunja kama springi ya saa, niunyooshe taratibu mpaka uguse sponji, akionja tu anabaki mwenyewe anakunywa. Mara mbili kwa siku. Wateja wanasubiri sare za shule mimi nanyonyesha kipepeo. Aliishi siku tisa na hakuna siku aliyokutana na mwenzake.

Yule hakuwa na shida yoyote akiwa pupa. Nilimwamsha mimi.

Baada ya hapo ndo nikatumia bando kusoma. Kumbe mdudu ndani ya pupa anaweza akajizima, shughuli zote zinapungua karibu na sifuri, anasubiri msimu upite. Wenzetu wa Ulaya na Marekani ambao wana theluji hili jambo ni la kawaida, wapo wanaofuga vipepeo wa jamii hii hii, majira ya baridi yakija pupa wanaziweka stoo isiyo na hita, kwenye gereji, au kabisa ndani ya friji chumba cha mboga, nyuzi 3 mpaka 5, mpaka majira ya kuchipua. Wanachoogopa zaidi ni sebule yenye joto, maana atatoka mwezi wa kwanza nje kuna theluji. Yani kosa lile lile la jiko langu la mkaa. Mimi nilisoma pale kwenye friji nikacheka peke yangu, friji la nini wakati mwezi wa saba Mbeya nzima ni friji. Kule Kitulo kwenye mita 2,600 wanaamka na barafu kwenye nyasi na vipepeo bado wapo msimu wa maua ukifika, sasa wale nani aliwawashia jiko?

Nikakumbuka pia habari ya kule Amani, milima ya Usambara upande wa Tanga, ambako wanavijiji walikuwa wanafuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Walikuwa wanauza pupa kwa sababu hiyohiyo, haili, hairuki, unaifunga na pamba kwenye boksi inapanda ndege inaenda kutokea Ulaya kwenye nyumba za maonyesho. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai na vipepeo wakaingia humo humo, watu wakakosa hela ya ada. Hilo ni la siku nyingine, lina hasira zake.

Basi nikabadilisha mfumo. Boksi likatoka ndani likaenda barazani upande wa nyuma ambao jua la mchana haliufikii, kwasababu jua kali kupitia kioo au bati linaipika pupa hata kama hewa ni ya baridi. Nikalining'iniza kwa waya na waya nikaupaka grisi, sisimizi wakianza safari wanakwama hapo. Chandarua ni kwa ajili ya ndege na panya na mjusi. Kuhusu unyevu, mwezi wa saba na wa nane kwetu ni mkavu na upepo, pupa ikikauka sana ndani mdudu anakufa au anashindwa kujichomoa, kwahiyo mara moja kwa wiki asubuhi nilikuwa napuliza maji kidogo na ile chupa yangu ya spreyi ya kupigia pasi. Kidogo. Mwanzoni niliweka pamba iliyolowa chini ya kijiti kimoja nikidhani nasaidia, ile pupa ikaota ukungu wa kijivu, ikawa nyeusi, laini, na ukiinusa unajua. Moja hiyo ikaenda.

Mbili nyingine zilinipa somo baya zaidi. Zilibadilika rangi zikawa kama chai ya rangi, nikafurahi nikidhani wakati umefika. Siku moja nakuta kitundu kimoja pembeni, duara kabisa, kama mtu amepitisha sindano ya cherehani, na ndani ya chandarua vinyigu vidogo vidogo kama tembe za mtama uliopondwa vinakimbia, vingi sijui hamsini sijui sitini. Vinataga ndani ya pupa ikiwa bado laini, watoto wao wanakula mpaka ndani kunabaki ganda. Vilipita kwenye matundu ya chandarua, maana chandarua cha mbu hakivizuii. Dogo alilia. Mimi sikulia ila sikushona siku ile. Mwakani nafunika na kitambaa cha shela, kile cha veli, ninacho mabaki ya kutosha.

Ukitaka kujua kama ipo hai usiifungue kwa kucha kama alivyotaka kufanya shemeji yangu mmoja. Iguse kwa unyoya tumboni, ikiwa hai mara nyingi inatikisa mkia kidogo, kama mtu anayesumbuliwa usingizini. Zikiwa kwenye baridi kali wakati mwingine hazitikisiki, hapo unapima kwa mkono, iliyo hai ina uzito wake, iliyokufa ni nyepesi kama ganda la karanga.

Mwezi wa tisa katikati, jua likaanza kuwa la kweli na mlimao ukatoa majani mapya yale mekundu mekundu, moja ya kahawia ikaanza kuwa nyeusi. Nikajua imeoza. Nikaisogelea na miwani, kumbe ganda limekuwa kama nailoni, unaona kabisa mabaka ya njano ya bawa lililokunjwa kwa ndani, kama kitenge ndani ya mfuko angavu. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nimekaa kwenye cherehani nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayechana karatasi ya pipi. Ganda limepasuka upande wa kichwa. Akatoa miguu, akajivuta, akatoka akiwa na tumbo kubwa na mabawa madogo yaliyosinyaa kama nguo iliyofuliwa ikakamuliwa, akapanda kijiti mpaka juu akaning'inia. Tumbo linapampu, mabawa yanajaa, mikunjo inanyooka moja baada ya nyingine kuanzia mabegani kwenda chini, na hakuna pasi duniani inayonyoosha hivyo. Kama dakika ishirini. Afu akadondosha matone ya maji mekundu kahawia na dogo akapiga kelele damu! Sio damu, ni uchafu uliobaki toka akiwa anajijenga, wote wanatoa. Saa tano jua limepasha akaruka, hakuaga.

Wengine wakafuata ndani ya wiki tatu nne. Mmoja tu aliharibika, na hilo pia ni langu, kijiti chake kilikuwa kimeegemea ndoo ya plastiki, alipotoka akapandia ndoo, miguu ikateleza, akaanguka na mabawa yakakaukia yamekunjika. Wanahitaji kitu cha kukwaruza cha kushika, mti au kitambaa, na nafasi chini ya kuning'inia. Watano waliruka salama, na mwezi wa kumi tukamuona mmoja, au nduguye, anataga kwenye mlimao wetu uleule. Jirani kaniuliza kama naona sawa kufuga wadudu wanaokula mti, ananitamanisha dawa ya kupulizia aliyobakiza kwenye nyanya. Mti wangu una urefu wa nyumba, viwavi kumi hata hauwajui. Ungekuwa mche wa mwaka mmoja ningewahamisha, sio kuwapulizia.

Mkipiga hesabu mtaona moja haijatajwa. Ya kwenye gauni bado ipo. Leo tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, mvua ya kwanza imepiga juzi, yenyewe ipo kwenye kijiti chake na mkanda wa uzi namba 40, kahawia vilevile, nikiigusa na unyoya inatikisa mkia. Mwenyewe alipita jana akitoka sokoni na mboga zake, hakuwa na nguo ya kushona wala nini, akasimama pale barazani akanyanyua chandarua.

"Wangu bado?"

"Bado mama."

"Haya," akashusha chandarua. "Muache alale. Send-ofu yenyewe imesogezwa mpaka mwezi wa pili."